Tupeane uzoefu: vijana wa Kiarabu na Wamarekani, mlipokutana uso kwa uso mlikuta mlichoambiwa?

Bi_Matrah (mleta mada)

Assalaam alaykum na habari zenu wote.

Mtoto wa dada yangu kapata udhamini wa serikali kwenda kusoma uhandisi Marekani, jimbo la Oregon. Nyumba nzima haina raha. Mama yake kila akifungua simu anakuta katumiwa video ya watu wanapigwa risasi dukani. Bibi yake anasema mtoto atarudi hajui kusalimia wakubwa. Yeye mwenyewe Marekani anaijua kwa sinema na mpira wa kikapu, na kinachomtia hofu ni kimoja tu, kuitwa gaidi darasani.

Mimi niko upande wa pili wa mambo haya. Nafundisha wageni Kiarabu hapa Maskati, Oman, na wengi katika wanafunzi wangu ni vijana wa Kimarekani. Wanaposhuka tu unaona walivyoonywa na wazee wao. Mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kunisalimia. Msichana mwengine mama yake kamfungashia sanduku zima nguo nyeusi, mtoto kafika Agosti, jua la Maskati mnalijua. Baada ya siku chache wote wako Wadi Shab wanaogelea na wamesahau kuwapigia simu mama zao.

Huwa nawapeleka kwa mama mkwe wangu Mabela wakazungumze na watu wa nyumbani. Kahawa yetu inamiminwa kidogo kidogo kwenye kikombe, na anayetosheka hukitikisa anapokirudisha. Asiyetikisa humiminiwa tena. Kijana mmoja wa Texas alikuwa hajui, na kichwani mwake kukataa ni kukosa adabu. Akanywa, akamiminiwa, akanywa. Mikono ikaanza kumtetemeka. Mama mkwe naye hawezi kuacha kumimina kwa sababu mgeni hajatikisa, ananinong'oneza kwa Kiswahili, "Masikini, kwao hakuna kahawa?" Yaani wawili hao walikuwa wanatesana kwa heshima tupu. Nilipomwonyesha yule kijana namna ya kutikisa, alitikisa kwa nguvu mpaka kikombe kikamponyoka.

Mama mkwe Wamarekani aliwajua kwa taarifa ya habari tu, wamevaa kofia za chuma wako Baghdad. Siku ile alimpenda mtoto wa watu, akamfungia halua aende nayo. Lakini siku chache baadaye namsikia anamhadithia jirani, "Yule hata si Mmarekani khasa. Ana adabu."

Basi swali langu ndilo hilo. Mtu akikujua, anabadili mawazo yake kuhusu watu wenu, au anakutoa wewe tu kwenye kundi, na kundi analiacha pale pale? Walioishi huku na kule nipeni visa vyenu. Mtoto naye atasoma, basi msitie chumvi.

Nuktambili

Natia kambi. Uzi wa aina hii ndio tunautaka.

MwanaIbra

Shikamoo Bi Matrah. Mimi Mmanga (Mwarabu wa Oman) wa Ibra, Kiswahili nimenyonya kwa bibi aliyezaliwa Unguja. Nimesoma Oregon hiyohiyo.

Mpe mtoto habari ya king'ora kwanza. Ijumaa ya mwanzo bwenini nilichoma udi kwenye chetezo cha umeme, nimeshavaa kanzu, nataka kwenda kuswali. Dari lina kitu cha kunusa moshi. Jengo zima likalia. Watu wote nje, mvua inanyesha, mmoja kajifunga taulo na povu la sabuni masikioni. Gari la zimamoto likaja na taa zake. Nami ndiye Mwarabu peke yangu pale nje, na kanzu nyeupe, na kila mtu anajua moshi umetoka chumba gani. Nikajisemea kesho niko gazetini.

Mzimamoto akaingia, akanusa, akaniuliza ni kitu gani. Nikampa kile kipande mkononi. Akaniuliza bei, nikamtajia tola moja, kipimo chetu cha udi, inauzwa kiasi gani. Akamwita mwenzake aliyekuwa ngazini, "Njoo uone kijiti hiki!" Wakakipokezana kama wanapima dhahabu. Barua ya onyo niliipata, lakini kijana wa ghorofa ya juu aliyeunguza bisi kwenye maikrowevu alipata barua ileile, neno kwa neno. Mimi hilo ndilo lililonituliza, zaidi ya tabasamu la mtu yeyote. Kosa moja, barua moja.

Sasa ya kwangu niliyokwenda nayo kichwani. Nimekua naambiwa Mmarekani akifika miaka 18 anafukuzwa kwao, na mama yake akizeeka anatupwa. Mwenzangu wa chumbani kwao ni upande wa Pendleton, mashamba ya ngano. Kila Jumapili jioni anampigia bibi yake simu, na wakati wa mavuno hashikiki, anaacha kila kitu anakwenda. Sikukuu yao ya Shukrani ya mwezi Novemba akanichukua. Mezani yule bibi akaniuliza kama kwetu tuna ngamia. Nilikuwa na jibu langu tayari, lile wanaloandaliwa wanafunzi wote kutoka Ghuba, kwamba si kila Mwarabu ana ngamia bwana, kwetu kuna barabara na maghorofa. Tatizo ni kwamba ami yangu anafuga ngamia wa mashindano na picha ninazo kwenye simu. Nikazitoa. Bibi akavaa miwani, akataka kujua wanakula nini, wanakimbia kasi gani, dume bei gani. Mfugaji na mfugaji, hata mimi sikuhitajika tena.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikauliza kama ni kweli mtoto mkubwa analipa kodi nyumbani kwa mama yake. Meza ikacheka, kisha binamu mtu mzima akasema ndiyo, analipa, na mama yake akaongeza kwamba mwezi uliopita kachelewesha. Kwa hiyo Bi Matrah, mtoto asitegemee kila alichoambiwa kiwe uongo. Vingine ni kweli ila vina sababu zake, na sababu huzijui mpaka ukae mezani.

Moja la uchungu nalisema kwa sababu naona wengi hulificha. Kuna wenzetu wa Ghuba waliofika kule na posho nene, wakanunua magari ya spoti ya kuunguruma, wakawa wanayachoma matairi usiku kwenye maegesho ya chuo, na darasani hawaonekani. Mmarekani akiniuliza kama baba yangu ana kisima cha mafuta, naye kaona kwa macho yake. Baba yangu ni mwalimu wa hesabu.

Kijana_wa_Kibra_Doha

Wadau niaje. Naandika kutoka Doha, nilikuwepo Kombe la Dunia 2022, kazi yangu ilikuwa kuelekeza mashabiki. Mnamkumbuka yule Mkenya mwenzetu wa "metro, this way", aliyekaa kwenye kiti kirefu na kidole kikubwa cha povu? Basi sisi tulikuwa mamia, ni yeye tu aliyetamba mitandaoni.

Wamarekani walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Marekani ilitoka sare na Wales tarehe 21 Novemba, kesho yake Saudia ikaichapa Argentina 2–1 pale uwanja wa Lusail. Usiku huo Souq Waqif, soko la hapa Doha, ungedhani Waarabu wote wameshinda, Mmoroko, Mtunisia, Mkatari. Kikundi cha vijana wa Kimarekani kikapita kimevaa vilemba vya rangi ya bendera yao, vile vilivyouzwa kwa mashabiki, wamevifunga vibaya mno. Vijana wa Kisaudi wakawasimamisha. Nikasema leo kuna kesi hapa. Kumbe wanataka kuwafunga vizuri. Wakawapanga mstari, mmoja mmoja, anakunjiwa pembe, anawekewa igali (ile kamba nyeusi ya kichwani) sawasawa, anapigwa picha. Mmarekani mmoja alikuwa na ndevu nzuri, wakamwambia yeye abaki, ni wa kwao.

Pombe ilikuwa imekatazwa viwanjani siku mbili tu kabla ya mashindano kuanza, na Waarabu niliofanya nao kazi walikuwa wanasubiri Wamarekani wafanye fujo. Hawakufanya. Waliimba hadi kituo cha mwisho cha metro wakiwa na maji ya chupa. Msimamizi wangu, Mjordani, alinihoji kana kwamba mimi najua: "Hawa wanaweza kufurahi bila kunywa?"

Lakini mimi nina langu na sitalimeza. Walewale waliokuwa wanamfunga Mmarekani kilemba kwa mapenzi, mimi nikiwaonyesha njia hawanitazami usoni. Mmoja alinipa kikombe chake kitupu nikamtupie. Naona mnasifu sana ukarimu, na ukarimu upo, nimeuona. Ila upo zaidi kwa mwenye pasipoti ya Kimarekani. Na Mmarekani mweusi aliyekuwa kwenye kundi lile alisukumwa kidogo na askari kwa sababu alidhaniwa ni mmoja wetu, mpaka alipofungua mdomo akasikika anavyoongea.

Nuktambili

Mkuu hapo umenikata maini.

Bi_Matrah

Kijana wa Kibra, sikukatalii hata moja. Mimi mwenyewe rangi yangu na Kiarabu changu cha Kizanzibari vimeshaniletea maneno hapahapa mjini. Endelea kusema.

Chake_Chake_Girl

Mimi si Mwarabu wala Mmarekani, ni Mpemba, lakini kisa changu kinahusu. Nilikwenda Iowa kwa mpango wa YES nikiwa sekondari. Kwa wasioujua, ulianzishwa mwaka 2002, baada ya Septemba 11, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakaishi na familia za Kimarekani. Ndiyo maana unakuta Mtanzania, Mkenya, Mjordani, Msaudi na Mmisri wote wako katika mpango mmoja.

Mwezi Novemba kuna wiki ambayo kila mwanafunzi anaieleza nchi yake shuleni. Tulipangwa mimi na msichana wa Jordan, kwao Madaba. Mimi mweusi, nimevaa hijabu. Yeye mweupe, macho ya kijani, nywele wazi, msalaba shingoni. Maswali yakaanza. Yote ya Waarabu wakaniletea mimi! Kwa nini Waarabu wanawafunika wanawake, Waarabu wanasemaje kuhusu Israel, Kiarabu kinaandikwaje. Na Mwarabu kakaa pembeni yangu anakula chipsi. Nilimnyooshea kidole nikasema, "Muulizeni mwenyewe, yeye ndiye." Darasa likacheka, wakadhani natania. Alipoandika jina lake ubaoni kutoka kulia kwenda kushoto ndipo wakanyamaza. Halafu mmoja akamuuliza ameingia Ukristo lini. Akamjibu, "Familia yetu ilikuwa ya Kikristo kabla Marekani haijakuwepo."

Walimu walizipenda siku kama hizo wakadhani kazi imekwisha. Mimi sidhani zilifanya kazi kubwa. Watoto waliniuliza maswali, nikajibu, kengele ikalia, wakaenda kula. Yaliyobadilika yalibadilika jikoni. Mama wa familia yangu ya Iowa, Mlutheri wa kila Jumapili, Ramadhani ilipoingia aliniona natembea gizani natafuta daku bila kuwasha taa nisiwaamshe. Hakusema kitu. Usiku uliofuata nikamkuta jikoni na gauni lake la kulalia, anakoroga uji wa shayiri, redio ya habari za kilimo iko chini. Hakuwa anajua nini kinaliwa, akapika anachokijua. Ilikuwa hivyo mpaka mfungo ulipokwisha, na hatukuwahi kuzungumza habari za dini saa ile, tulizungumza bei ya mahindi na mume wake anavyokoroma.

Nyingine. Tulikuwa na kijana wa Riyadh katika kundi letu, mcheshi, lakini alikuwa na uhakika kwamba Uislamu Marekani umefika juzi na wahamiaji wa ndege. Tukapelekwa Cedar Rapids kuona msikiti wanaouita Mother Mosque. Ni nyumba ndogo ya mbao nyeupe na kuba la kijani, imezungukwa na nyumba za watu wa kawaida. Umejengwa mwaka 1934 na wahamiaji waliotoka Syria na Lebanon. Yule kijana akafanya hesabu kwa vidole: ufalme wao wa Saudia ulitangazwa 1932. Msikiti huu wa katikati ya mashamba ya mahindi umepishana na nchi yake miaka miwili! Na baba wa familia iliyomlea, aliyezaliwa mjini hapohapo, alikuwa hajawahi kuingia ndani. Walivua viatu mlangoni pamoja, na wote wawili walikuwa wageni sawasawa.

Dereva_Michigan

Wakuu habari za mihangaiko. Mimi Mtanzania, naendesha lori, makazi yangu ni jirani na Dearborn, Michigan.

Mji huu ukitaka kuona Mwarabu na Mmarekani mtu mmoja, ndio hapa. Watu walifuata kazi za kiwanda cha Ford, wakaitana ndugu kwa ndugu, na sensa ya mwaka 2020 ilionyesha zaidi ya nusu ya wakazi wake wapatao 110,000 asili yao ni Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Kuna makumbusho ya Waarabu wa Marekani tangu 2005. Meya aliyechaguliwa 2021, Abdullah Hammoud, ni mtoto wa wahamiaji wa Lebanon.

Sasa raha yake ni pale kijana wa Kiarabu aliyetoka Amman au Cairo anapokutana na Mwarabu wa Dearborn. Anategemea ndugu. Anakuta jamaa anaongea Kiingereza cha Detroit, anashabikia Lions, timu ya mpira wa Kimarekani ya Detroit, mpaka analia, Kiarabu chake ni cha kijiji cha babu wa mwaka 47, kuna maneno kule kwao hayatumiki tena. Nimewasikia dukani, mgeni anamwambia mwenyeji, "Wewe Mmarekani kabisa," na mwenyeji amenuna siku nzima, kwa sababu Wamarekani wengine nao humwambia arudi kwao.

Mtandaoni uvumi haushi kwamba Dearborn inatawaliwa kwa sharia ya Kiislamu. Watu wanasafiri na kamera kuja kuitafuta. Niliwahi kukaa kwenye mkahawa wa Kiyemeni, hii migahawa ya chai ya adeni (ya maziwa na viungo) iliyojaa vijana mpaka usiku wa manane, akaingia bwana mmoja na kamera begani, uso wa kazi. Akauliza wapi anaweza kuiona hiyo sharia. Kijana wa kaunta hata hakuinua kichwa, akamwambia, "Foleni inaanzia kule." Bwana akaingia kwenye foleni kweli. Alipofika mbele akaagiza chai na kipande cha keki ya asali, akakaa, akala, kamera haikuwashwa. Kama alibadili mawazo mimi sijui, keki aliimaliza.

Mmarekani_wa_Arusha

Hamjambo. Mimi ni Mmarekani, Kiswahili changu nilikipata Arusha kwenye programu ya lugha, kisha nikaenda Amman kusoma Kiarabu. Naomba mnivumilie kwenye sarufi.

Nilipoaga nyumbani baba yangu alisema niseme mimi ni Mkanada. Wamarekani wengi wanashauriwa hivyo. Sikusema, na sehemu kwa sababu Kiingereza changu kina lafudhi ya Tennessee, mtu aliyetazama filamu mbili atanikamata.

Amman teksi ndiyo darasa. Dereva akijua wewe Mmarekani, mambo mawili yanafuata. Kwanza anakuambia ana ndugu Chicago, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu Wapalestina wengi wapo vitongoji vya kusini kama Bridgeview. Pili anakuambia, "Serikali yenu mbaya, watu wenu wazuri." Mara ya kwanza nilifurahi. Baadaye ilianza kunisumbua, na hapa najibu swali la Bi Matrah kwa namna yangu. Yule dereva ananifanyia wema, ananitoa kwenye lawama ya Iraq. Lakini mimi ninapiga kura na ninalipa kodi. Nikipokea ule msamaha kirahisi, ninakubali kwamba kura yangu haina maana. Siku moja nilimwambia dereva mmoja hivyo. Alizima redio. Tukazungumza mpaka tumefika, na baada ya kufika tukaendelea mita inahesabu, akaizima pia. Alisema mimi ni wa kwanza kukataa. Kisha akaniambia anachokifikiria kweli, na hakikuwa kizuri kusikia, kwa sababu mpwa wake aliuawa Fallujah, Iraq. Hakunichukia. Lakini pia hakusema tena kwamba watu wetu ni wazuri.

Jambo jingine ambalo hamtaliepuka: Mmarekani anayejifunza Kiarabu wote wanaamini ni jasusi. Mwenye duka la maji chini ya nyumba yangu alinisalimu kila asubuhi, "Habari za Langley?", yaani makao makuu ya CIA. Nilimjibu kwamba mshahara umechelewa. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Mzee_wa_Forodhani

Vijana mnaandika kana kwamba mambo haya yameanza na ndege. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, jina lake Sultana, liliondoka Unguja likatia nanga New York mwezi wa Aprili. Limechukua tende, kahawa, pembe, karafuu. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Watu wa mji walijaa gatini kutazama Mwarabu anafananaje. Wakati huo mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, alikuwa keshakaa Unguja ananunua pembe na kuuza kitambaa cha marekani, na tangu 1837 konseli wao yuko Mji Mkongwe. Walijuana kwa biashara hao, kila mmoja anajua mizani ya mwenzake.

Zawadi aliyopelekewa Rais Van Buren, farasi na lulu na vinginevyo, katiba yao ikamzuia kuiweka mfukoni, jambo likapelekwa bungeni. Hebu fikirieni namna ya kwenda kumweleza Sayyid kwamba zawadi yake inajadiliwa na wabunge. Wenyewe lakini wakalitengeneza jahazi bure, likarudi jipya. Ahmad bin Naaman alichorwa picha na mchoraji wa New York, Edward Mooney, na ndani ya picha ile hakukaa kama kiroja. Ana kilemba chake, anakutazama.

Mshihiri_wa_Brooklyn

Nimesoma yote, nimecheka kwenye udi. Sasa niruhusuni nitie ndimu.

Mimi Mshihiri wa Mombasa, babu kaja na jahazi kutoka Shihr, Yemen, nami nimeishia New York kwenye duka la jamaa zangu wa Yemen. Tarehe 27 Januari 2017 ilitoka ile amri ya Rais Trump ya kuzuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Yemen ikiwemo. Kijana tuliyekuwa tunafanya naye kazi alikuwa amekwishamkatia mkewe tiketi. Kila kitu kimesimama. Tarehe 2 Februari maduka ya Wayemeni yakafungwa mji mzima, watu wakakusanyika maelfu mbele ya Borough Hall, jengo la serikali ya Brooklyn, adhana ikapigwa pale uwanjani, tukaswali kwenye baridi na bendera za Marekani mikononi.

Kuna mteja wetu, fundi bomba, mzungu wa makamo, anakuja kila alfajiri kwa mkate wa yai na kahawa. Anatujua watoto wetu majina. Kesho yake alikuja kusema pole, akaongeza, "Mimi niliunga mkono ile amri, lakini sikuwa na maana ya nyinyi." Bi Matrah, lile neno la mama mkwe wako nimelisikia kwa Kiingereza, juu ya kaunta, kutoka kwa mtu ninayempenda.

Yule kijana hakumjibu kwa hasira. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya mkewe, akamwambia, "Maana yake ni huyu." Fundi bomba akaitazama sana. Aliendelea kuja, kila asubuhi anauliza habari za kesi. Amri ilipofutwa mwaka 2021 alileta keki. Kura alimpigia nani mara iliyofuata hatukumuuliza, naye hakusema. Mimi naona hivyo tu: yule alimwongeza mtu mmoja mwengine nje ya kundi, mke. Sasa kundi limepungua wawili, watatu. Kwa mwendo huo ni kazi ndefu, na watu wenye hati za kusafiria zilizokwama hawana muda huo.

MwanaIbra

Mshihiri, umenena. Ila nina kisa cha kukutilia shaka kidogo. Mwaka 2018 wanafunzi wawili wa Kisaudi, jamaa wa damu, waliingia mto wa Chicopee kule Massachusetts baada ya kuona watoto wanachukuliwa na maji. Watoto waliokolewa, wao walikufa. Mimi nilikuwa bado chuoni. Profesa wetu, ambaye hajawahi kutaja Waarabu kwa jema wala baya, alisoma habari ile darasani, akanyamaza, kisha akafundisha. Sisi tuliotoka Ghuba tulitazamana. Hatukujua tufurahi au tukasirike kwamba imebidi wafe.

Kijana_wa_Kibra_Doha

Mungu awarehemu. Na mtu asikuulize tena baba yako ana kisima.

Bi_Matrah

Ahsanteni sana, kila mmoja kwa jina lake. Mtoto kasoma uzi wote usiku mmoja, udi keshautoa sandukuni (mama yake kaurudisha). Mama mkwe nimemsomea kisa cha fundi bomba. Kasema yule bwana hana haya, nami nikamkumbusha alichomwambia jirani. Kaniambia hiyo ni mbali, na kahawa yangu inapoa.

Sasa mtoto ana swali lake, na anataka jibu la mtu aliyekwishapitia, hataki mawaidha. Familia itakayompokea wiki za mwanzo imemtumia picha. Wana mbwa, mkubwa, analala kwenye kochi. Yeye ana wudhu wake na nguo za swala, na hataki kuwaudhi watu kabla hajafika. Aseme au anyamaze?

Chake_Chake_Girl

Aseme, tena kabla hajapanda ndege. Sisi tumezoea kuzungukazunguka tukitegemea mtu ataelewa mwenyewe, wale hawaelewi mpaka uwaambie, na ukiwaambia hawaudhiki. Aandike hivi tu: nampenda mbwa, ila mate yake yakigusa nguo zangu za swala inabidi nizifue, naomba chumba changu mlango ufungwe. Kwangu Iowa walimwekea mbwa geti dogo la mtoto pale ngazini, siku ileile. Msala auweke juu ya kabati, si nyuma ya mlango, mbwa anapenda kulala kwenye kitu laini. Na mswaki wake pia juu.

MwanaIbra

Na soksi.